Kwa Nini Kupunguza Shughuli Hakuleti Nafasi

Ukimwomba mtu mkutane wiki hii, huenda akakujibu, "Sina nafasi." Hajasema hana saa. Amesema hana mahali pa kukuweka. Neno hilo hilo ndilo la kiti kilicho wazi kwenye basi, la kazi iliyotangazwa gazetini, la bahati ya kujaribu jambo, na la uwazi kati ya neno na neno kwenye ukurasa. Lilitujia kutoka Kiarabu, ambako nafas ni pumzi, na shina lake ni moja na la nafsi. Wasaa nao ni hivyo hivyo: kwetu ni muda wa kufanya jambo bila kusukumwa, lakini asili yake ni upana. Faragha, ambayo leo tunaielewa kama kuwa mbali na macho ya watu, imetokana na neno la utupu. Na aliyekosa vyote hivi tunasema amebanwa.

Nimeanza na maneno kwa sababu yanabeba jambo ambalo mawaidha mengi kuhusu maisha sahili hulipita. Mawaidha hayo huhesabu vitu: nguo ngapi kabatini, mikutano mingapi kwa wiki, programu ngapi kwenye simu. Punguza, tunaambiwa, utapumua. Watu hupunguza kweli, na baada ya mwezi mmoja wamebanwa vile vile. Ni kwa sababu usahili na nafasi ni vitu viwili. Usahili ni uchache wa vitu. Nafasi ni upana uliopo kati yake. Mwenye shughuli mbili zilizogusana kichwa kwa mkia hana nafasi, na mwenye saba zilizopangwa kwa kuachana anaweza kuwa nayo. Kupunguza husaidia, lakini unachokipata kwa kupunguza ni pengo tu, na pengo lisilo na mwenyewe halichukui siku nyingi kabla ya kukaliwa.

Hesabu ya foleni

Ili kuona upana huo una kazi gani, tuwaache kwanza wanaofundisha utulivu, twende kwa watu wa simu. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu namna simu zinavyoingia kwenye kituo cha kuziunganisha. Kilichomsumbua kilikuwa cha kibiashara: laini ngapi zinatosha ili wapigaji wasisubiri mno, bila kampuni kugharimia laini zinazolala bure? Kutokana na swali hilo ilikua taaluma nzima ya hesabu za foleni.

Chukua dirisha moja lenye mhudumu mmoja. Kila mteja humchukua dakika 10 kwa wastani, wengine zaidi, wengine pungufu, na wateja huja bila mpangilio. Mhudumu akiwa na kazi kwa nusu ya muda wake, mteja husubiri wastani wa dakika 10 kabla ya kuhudumiwa. Akiwa na kazi kwa asilimia 80 ya muda, kusubiri kunafika dakika 40. Kwa asilimia 90 ni dakika 90. Kwa asilimia 95 ni dakika 190, yaani zaidi ya saa tatu. Ukitaka kumjaza asilimia 100, foleni haina kikomo, itarefuka tu.

Zitazame tena takwimu hizo. Kutoka nusu hadi asilimia 80, mhudumu ameongezewa kazi nyingi, na wateja wameongezewa nusu saa ya kusubiri. Kutoka 90 hadi 95 ameongezewa kidogo sana, na wateja wameongezewa dakika 100. Adha haipandi sambamba na kazi. Hutambaa chini kwa muda mrefu, kisha husimama wima kama ukuta. Ndiyo maana mtu aliyemudu mambo yake kwa miaka huongezewa jambo moja dogo, kikao cha kamati labda, na ghafla kila kitu kinamporomokea: barua hazijibiwi, ahadi hazitimizwi, na wa nyumbani wanaanza kumwogopa jioni. Atalilaumu jambo lile la mwisho, au atajilaumu kwa uvivu. Kikao hakikuwa na kosa. Kilimkuta tayari yuko kwenye asilimia 90 na kitu.

Kuna kipengele cha pili ndani ya hesabu hiyo. Kama kila mteja angefika kwa saa yake kamili na kuchukua dakika 10 kamili, mhudumu angeweza kujazwa mpaka juu na foleni isiwepo. Foleni huzaliwa pale ujazo unapokutana na kutotabirika. Hapa ndipo ratiba zetu zinapotuhadaa, maana kwenye karatasi kila jambo lina saa yake na urefu wake, na ratiba iliyojaa pomoni huonekana kama ratiba iliyopangwa vizuri. Lakini hakuna wiki ya binadamu yenye mambo ya dakika 10 kamili. Mtoto anaamka na homa. Mkutano wa nusu saa unakula saa nzima. Kompyuta inaamua kujisasisha dakika tano kabla hujaanza kuzungumza mbele ya watu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa hospitali ya St. John's katika jimbo la Missouri, Marekani, uliosimuliwa na mwanauchumi Sendhil Mullainathan na mwanasaikolojia Eldar Shafir katika kitabu chao cha 2013 kuhusu uhaba. Hospitali hiyo ilikuwa na vyumba 32 vya upasuaji, na vyote vilikuwa vimepangiwa wagonjwa. Kila dharura ilipoingia, ilibidi mgonjwa aliyepangwa asogezwe, naye akamsukuma mwingine, mpaka madaktari wakajikuta wakipasua usiku wa manane na wafanyakazi wakichelewa kurudi makwao. Mshauri aliyeitwa akapendekeza chumba kimoja kiachwe wazi, kisipangiwe mtu yeyote. Madaktari waliona ajabu: vyumba havitoshi, halafu tufunge kimoja? Walipojaribu, hospitali ilifanya upasuaji mwingi zaidi kuliko awali, na kazi za jioni na usiku zikapungua.

Ukikaa na kisa hicho utaona hakina muujiza. Hakuna ajuaye ni nani atakayeletwa na ajali siku ya Jumanne, lakini kila mtu hospitalini alijua Jumanne haitapita bila dharura. Dharura moja moja hazitabiriki. Dharura kwa ujumla wake hutabirika kama jua kuchomoza. Kabla ya chumba kile kuwa wazi, hospitali ilikuwa ikiilipia nafasi ya dharura kila siku kwa kuwanyang'anya wengine. Walichofanya ni kuilipia mapema, mara moja, kwa bei nafuu. Homa ya mtoto na mkutano unaorefuka ni vivyo hivyo. Tunaviita vya ghafla kila wiki, kwa miaka 20.

Pengo hujazwa na nani

Kama nafasi ina faida kiasi hicho, mbona hatunayo? Jibu jepesi ni kwamba kazi ni nyingi, na kwa watu wengi ni kweli tupu. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu kila mara kazi ilipopungua, nafasi haikubaki.

Mwaka 1930 mwanauchumi Mwingereza John Maynard Keynes alitabiri kwamba miaka 100 baadaye watu wangefanya kazi saa 15 kwa wiki, kwa kuwa kiwango cha maisha kingekuwa kimepanda mara nne hadi nane. Kwenye utajiri hakukosea sana. Nchi za viwanda zilifika huko alikokuona. Kwenye saa alikosea vibaya. Tija iliyoongezeka ilibadilishwa kuwa vitu zaidi kuliko kuwa muda, na kila kitu kipya kikaja na mahitaji yake.

Nyumbani hali haikuwa tofauti. Mwaka 1974 mtafiti Joann Vanek alilinganisha takwimu za matumizi ya muda za wanawake wa Marekani wasiokuwa na ajira nje ya nyumba. Miaka ya 1920 walitumia takriban saa 52 kwa wiki kwenye kazi za nyumbani. Miaka ya 1960, wakati mashine za kufulia na vifaa vingine vya umeme vilikwisha kuingia majumbani, walitumia saa 55. Mashine ilipunguza jasho, hilo halina ubishi, na hakuna aliyetaka kurudi kwenye beseni. Ila kufua kulipokuwa rahisi, nguo iliyokuwa ikivaliwa siku kadhaa ikawa ya siku moja. Kiwango cha usafi kilipanda mpaka kikazifikia saa zilizookolewa, kisha kikazipita kidogo.

Barua pepe na ujumbe wa simu ni mashine ya kufulia ya zama hizi. Barua ilipohitaji karatasi, bahasha na safari ya posta, mtu alifikiri kama ina haja. Kutuma kulipokuwa bure, gharama yote ilihamia kwa anayesoma. Na anayejibu upesi hulipwa kwa kuandikiwa zaidi, jambo ambalo kila aliyewahi kumaliza kikasha chake asubuhi amelishuhudia kabla ya saa sita mchana.

Ongeza hapo aibu ya kuonekana huna kazi. Tuna methali ya debe tupu lisiloacha kuvuma, na ingawa ilikusudiwa kwa wasemaji wasio na hoja, tumeigeuza kuwa hukumu ya kila kilicho kitupu. Mwenye saa isiyo na jina kwenye ratiba hujiona kama aliyesahau jambo. Mtu akiuliza "mambo vipi?" tunajibu kwa kutaja wingi wa kazi, kana kwamba tunaonyesha cheo.

Lakini mlango mkubwa ambao pengo huponyokea ni neno "ndiyo" linalosemwa mapema. Gal Zauberman na John Lynch walionyesha katika utafiti wa mwaka 2005 kwamba watu huamini watakuwa na muda mwingi zaidi baadaye kuliko walio nao leo, na imani hiyo ni kali zaidi kwa muda kuliko kwa fedha. Kuhusu fedha tunajua mwezi ujao utafanana na huu. Kuhusu muda, mwezi ujao ni bonde wazi. Kwa hiyo tunaombwa leo tuzungumze kwenye kongamano la miezi mitatu ijayo, tunatazama ratiba, tunaiona nyeupe, tunakubali. Siku inafika. Imejaa kama siku nyingine zote, maana weupe ule ulikuwa tu mambo ambayo bado hayajafika kuandikwa.

Kinachofuata ni kukosea urefu wa kazi yenyewe. Roger Buehler na wenzake, mwaka 1994, waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakimalizia tasnifu zao watachukua siku ngapi. Wastani wa makisio ulikuwa siku 34. Walipoombwa wakisie hali mbaya kabisa, kila kitu kikienda kombo, walisema siku 49. Kwa kweli walichukua zaidi ya siku 55. Hebu fikiri: makisio yao ya balaa yalikuwa na matumaini kupita uhalisia. Mtu anapokwambia jambo litamchukua saa moja, hasemi uongo. Anasimulia jinsi kazi itakavyokuwa siku ambayo hakuna kitu kingine kitakachotokea.

Haba na haba, bandu bandu

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo hutumika kusifu akiba, lakini ndivyo maisha yanavyobanwa pia: hakuna aliyekaa chini akaamua kubanwa. Kinyume chake ni bandu bandu huisha gogo, na swali ni kwa nini ile ya kwanza hutujia bila kuitwa na hii ya pili hatuikumbuki.

Sehemu ya jibu ilichapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature na Gabrielle Adams, Leidy Klotz na wenzao. Katika jaribio mojawapo watu walipewa kijumba cha Lego, vile vitofali vya plastiki vya kuchezea watoto, ambacho paa lake lilisimama juu ya tofali moja kwenye kona. Kazi ilikuwa kuliimarisha paa liweze kubeba uzito. Kila tofali la kuongeza lilikatwa senti 10 kwenye malipo yao, na suluhisho bora lilikuwa kuliondoa lile tofali moja ili paa likae moja kwa moja kwenye msingi. Ni asilimia 41 tu waliolipata. Kundi jingine lilikumbushwa kwa sentensi moja kwamba kuondoa matofali hakukatwi kitu, na hapo waliolipata wakafika asilimia 61. Hawakuwa wameikataa njia ya kuondoa. Haikuwajia akilini.

Katika jaribio jingine la utafiti huo, watu waliopewa kazi ya ziada ya kuishughulisha akili walizidi kutoiona njia ya kuondoa. Hapo ndipo fundo lilipo. Aliyebanwa ndiye anayehitaji zaidi kupunguza, na kubanwa kwenyewe humfunga macho asione cha kupunguza. Akili iliyochoka ikiona ratiba imemshinda, hununua programu mpya ya ratiba.

Hata tukikiona cha kuondoa, mkono hukataa. Katika jaribio moja, watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler waliwagawia nusu ya washiriki wao vikombe, kisha wakafungua soko. Waliopewa vikombe walidai, kwa wastani, bei iliyozidi mara mbili ile ambayo wasiopewa walikuwa tayari kulipa. Ni vikombe vile vile, na umiliki ulikuwa wa dakika chache. Wajibu nao hushikwa hivyo hivyo. Uanachama wa kamati ambayo usingejiunga nayo leo hata kwa kuombwa, kuuacha unauona kama kupoteza kitu. Kwa hiyo swali la "je, niache?" ni swali bovu, limeshaamuliwa kabla halijaulizwa. Swali linalofaa ni kama ungeliingia jambo hilo leo, ukijua unayoyajua.

Utupu usiopendeza

Kichwa kina foleni yake. Mwanasaikolojia Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 jinsi mtu anapoiacha kazi moja na kwenda nyingine, sehemu ya akili yake hubaki nyuma na ile ya kwanza, hasa kama haikukamilika. Ndiyo sababu siku yenye mikutano mitano iliyogusana huchosha kuliko jumla ya mikutano hiyo: kila mmoja unaingia na mabaki ya uliopita. Habari njema ni kwamba mabaki hayasubiri kazi iishe ndipo yaondoke. E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo ambalo halijakamilika huacha kuingilia mawazo pale mtu anapolipangia namna mahususi ya kulitekeleza. Si lazima ulifanye. Liandikie tu lini, wapi na hatua ya kwanza, na akili inaliachilia. Dakika 10 kati ya mkutano na mkutano zinatosha kwa hilo, na ndizo dakika ambazo ratiba zetu hazina.

Hata hivyo, sitaki kumdanganya msomaji kwamba nafasi ikipatikana atafurahi. Mwaka 2014 Timothy Wilson na wenzake walichapisha katika jarida la Science majaribio ambamo watu waliachwa chumbani peke yao, bila simu wala kitabu, na mawazo yao tu. Wengi hawakupenda. Katika jaribio moja la dakika 15 kulikuwa na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, shoti ambayo walikwisha kuonjeshwa na kusema wangelipa fedha waiepuke. Wanaume 12 kati ya 18 na wanawake 6 kati ya 24 walijipiga angalau mara moja.

Huwa nacheka nikikumbuka matokeo hayo, kisha nakumbuka mkono wangu unavyoifuata simu lifti ikichelewa kwa sekunde 20. Watu wanaofanikiwa kuondoa shughuli hukutana na jambo hili wiki ya pili au ya tatu: mchana mtupu unakuja na kero, huzuni ndogo, maswali yaliyokuwa yamefunikwa na kelele. Wakidhani wamekosea, wanarudi kujaza. Hawajakosea. Pengo lina ladha yake, na ladha ya mwanzo si tamu.

Nafasi ya nani

Kuna namna ya kuzungumzia maisha sahili inayonikera. Ni ile ya mtu mwenye akiba kumshauri asiye nayo aishi na vitu vichache. Anayeweza kutupa koti la akiba ni yule anayeweza kununua jingine mvua ikinyesha. Mullainathan na Shafir, katika kitabu kile kile, wanaeleza kwamba kukosa fedha na kukosa muda huifanyia akili jambo moja: huiingiza kwenye handaki, ikaona kilicho mbele tu. Tofauti ni kwamba aliyejibana kwa kukubali mambo mengi anaweza kurudi nyuma. Anayefanya kazi mbili ili alipe pango hana kamati ya kujiuzulu, na kumwambia ajifunze kusema hapana ni kumtukana.

Tena nafasi ya mmoja mara nyingi imelipiwa na mwingine. Mkubwa wa kazi anayetoka saa kumi kwa sababu ameyakasimu yote yaliyobaki hajapunguza chochote, amehamisha. Nyumba inayosifiwa kwa utulivu huwa na mtu mmoja anayebeba kichwani orodha nzima ya nani anahitaji nini. Kipimo changu ni hiki: shughuli ikiondoka kwako, imeondoka duniani au imekwenda kwa nani? Mkutano uliofutwa umempa kila mtu saa moja. Mkutano ambao umemtuma msaidizi wako akuwakilishe haukumpa mtu yeyote kitu, isipokuwa wewe.

Mwanya wa reli

Mafundi wa reli za zamani waliacha mwanya mdogo kati ya kipande na kipande cha chuma, kwa sababu chuma hutanuka kwenye joto na reli isiyo na mahali pa kutanukia hujipinda. Mwanya ule haukuwa chuma kilichopungua. Ulikuwa umepimwa. Mshororo wa mizani 16 katika shairi letu hukatwa katikati, nane kwa nane, na msomaji hupumua hapo. Ukiijaza pumzi ile kwa mizani mbili za ziada, hupati shairi lenye maana zaidi, unapata shairi lililoguchia. Katika yote mawili nafasi iliwekwa kwanza, ikahesabiwa, ikawa sehemu ya kazi.

Kwa mwenye uwezo wa kupanga japo sehemu ya wiki yake, ningeanza hapo kabla ya kugusa kabati. Chukua nusu siku moja, katikati ya wiki na si mwishoni, maana mwisho wa wiki ni mahali ambapo wiki nzima huja kumwaga mabaki yake. Iandike kwenye ratiba kwa jina lolote. Ni chumba cha upasuaji kilicho wazi: wiki nyingi kitatumika kwa mambo yaliyokuja ghafla, na hilo si kushindwa, ndiyo kazi yake. Wiki ambayo hakuna kilichokuja ni yako. Mkutano wa saa moja uandike dakika 50. Makisio yako ya muda yalinganishe na mara ya mwisho ulipofanya jambo kama hilo, si na jinsi unavyojisikia leo asubuhi. Na ukiombwa jambo la miezi mitatu ijayo, jiulize kama ungelikubali lingekuwa Alhamisi hii.

Baada ya hapo, punguza. Kupunguza kunakuwa rahisi zaidi ukiwa na mchana mmoja wa kutazamia kutoka nje ya handaki. Mimi huona faida kubwa zaidi inatokana na kuondoa maamuzi kuliko kuondoa vitu: jambo linaloamuliwa upya kila siku, ukiliamua mara moja kwa mwaka mzima, limekurudishia pumzi nyingi kuliko masanduku mawili ya nguo kuukuu. Arifa za simu nazo hazihitaji hoja ndefu. Zima zote, kisha ziwashe zile ambazo kukosekana kwake kulimdhuru mtu.

Kisha utafika mtihani. Katika wiki ya kwanza, pengine siku ya pili, mtu mwema atakuuliza kama Jumatano mchana una nafasi. Utaitazama ratiba na utaiona imekaa pale, na ulimi utataka kusema ndiyo, kwa kuwa kukataa ilhali unayo kunaonekana kama uongo. Unaweza kumjibu kwamba Jumatano mchana imeshapangwa. Imepangwa kweli. Muulize kama Alhamisi asubuhi itamfaa.